RAM Moja, Wapenzi Wawili: Kabla Hamjagombania Kompyuta, Hesabuni Gigabaiti

Hivi msomaji wangu, umewahi kuona ndoa inayumba kwa sababu ya kitu kirefu kama kalamu na chembamba kama kadi ya benki? Sizungumzii simu. Simu tumeshaijadili kwenye kurasa hizi mpaka tumechoka wenyewe. Nazungumzia RAM, kile kipande cha kumbukumbu kinachochomekwa ndani ya kompyuta, ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona kwa macho ila tunakilaumu kila siku bila kukijua jina.

Kisa chenyewe nimekishuhudia kwa marafiki zangu wawili, wakazi wa Tabata jijini Dar es Salaam. Wameniomba nisiwataje, kwa hiyo humu nitawaita Bibie na Bwana. Wana miaka miwili kwenye ndoa. Siku za kazi Bibie yuko ofisini Posta, na wikiendi anapiga picha za harusi, sendofu na kichen pati. Bwana ni mhasibu, mtu mpole, hanywi, haendi disko. Starehe yake ni moja tu: gemu. Usiku akishakula, anakaa mbele ya monita anacheza mpira au anapigana vita na watu wa mabara mengine, mpaka usingizi umchukue.

Kompyuta ni moja na iko sebuleni. Ni zile za ofisi zilizotumika Ulaya zikaletwa kwetu, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 8, na Bwana aliiongezea kadi ya michoro ya GTX 1650 ili gemu zikubali. RAM ilikuwa GB 8. Hapo ndipo penye stori.

USIKU WA JUMAMOSI

Ilikuwa Novemba 2025. Bibie alikuwa na albamu ya harusi ya kukabidhi Jumatatu asubuhi, na bibi harusi alikuwa keshaanza kutuma meseji zile za “dada naomba mrejesho”. Lightroom ilikuwa wazi ikiwa na picha zaidi ya mia tisa. Photoshop nayo ilikuwa wazi, ndani yake picha ya ukoo mzima, watu zaidi ya arobaini, na kama kawaida kila shangazi alifumba macho kwa wakati wake. Bibie alikuwa anahamisha macho kutoka picha hii kwenda ile. Kazi ya saa tatu hiyo. Akanyanyuka kwenda kugeuza chapati.

Bwana akaona kiti kitupu. Hakufunga kitu chochote, na naamini kabisa alifanya hivyo kwa heshima, maana aliwahi kukaripiwa kwa kufunga kazi ya mwenzie. Akafungua gemu yake juu ya vyote. Kompyuta ikastaki. Mshale haujongei, kibodi haijibu, feni inalia kama mashine ya kusaga. Akasubiri dakika tano, kisha akabonyeza kitufe cha umeme mpaka ikazima.

Photoshop hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 kama hujaibadilisha mpangilio wake, kwa hiyo ilitakiwa imwokoe. Lakini diski ilikuwa imejaa pomoni. Kilichorudi ni picha ya mwanzo mwanzo, mashangazi wote macho yamefumba.

Sitaandika maneno yaliyosemwa usiku ule. Itoshe kwamba Bibie alilala chumba cha wageni, na kesho yake aliponipigia aliniambia, “Mwenzangu, wenzetu waume zao wana nyumba ndogo Sinza. Mimi ya kwangu iko sebuleni, ina kioo, na umeme wake nalipa mimi.” Bwana naye, nilipompata, alikuwa na lake: “Shemeji, mimi najaziwa mapicha elfu kwenye mashine niliyoinunua mimi, halafu mkosaji nikawa mimi?”

Ukiwasikiliza wote wawili, unaona wazi kwamba ugomvi haukuwa wa gemu wala wa picha. Kila mmoja alikuwa anaona shughuli ya mwenzie haina maana. Lakini pia, na hili ndilo walilolisahau kabisa, mashine ilikuwa imezidiwa. Kuna magomvi yanayohitaji mshenga, na kuna mengine yanahitaji bisibisi.

MEZA NI NDOGO, KABATI NI KUBWA

Tuelewane kwanza hapa, maana madukani watu wanachanganya sana. Diski ni kabati. Humo vitu vinakaa hata umeme ukikatika. RAM ni meza ya jikoni. Unachopika sasa hivi lazima kiwe juu ya meza: nyanya, ubao, kisu, unga. Meza ikijaa unaanza kushusha vitu chini na kuviokota tena kila unapovihitaji. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo. RAM ikijaa, inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski hata ile ya kasi ya SSD iko nyuma sana ya RAM kwa mwendo. Ndiyo maana haizimi, ila inakwenda kama konokono. Na ndiyo maana diski ya Bibie ilijaa. Nusu ya kilichokuwa kinaijaza ni Photoshop kuitumia kama meza ya ziada.

Picha zinakula kiasi gani? Hebu tupige hesabu, si ngumu. Kamera ya Bibie inatoa picha za megapikseli 24. Yaani nukta milioni 24. Kila nukta ina rangi tatu, na ukihariri kwa ubora wa biti 16 kila rangi inachukua baiti 2. Milioni 24 mara 3 mara 2 ni baiti milioni 144. Hiyo ni leya moja tu. Weka leya kumi, kwa sababu kila shangazi ana leya yake ya macho, na umeshafika GB 1.4 kabla Photoshop haijakumbuka hatua zako zilizopita ili uweze kurudi nyuma. Faili la JPEG unalotuma WhatsApp ni dogo kwa sababu limebanwa. Likifunguliwa, linavimba.

Adobe wenyewe wanataja GB 8 kuwa kiwango cha chini kwa Photoshop na Lightroom, na wanapendekeza 16 au zaidi. Kiwango cha chini maana yake programu itafunguka. Hakuna aliyeahidi kwamba utamaliza albamu.

Gemu nazo zina njaa yake. Mpira wa EA Sports FC 24, ulioingia sokoni mwaka 2023, uliandikwa GB 8 kiwango cha chini. Sasa fikiria: Photoshop inataka 8, gemu inataka 8, na nyumba nzima ina 8. Hata malaika angestaki.

FUNDI ANAKUJA BILA KUFUNGUA BOKSI

Bwana ana rafiki yake fundi kompyuta, kijana mmoja mtaratibu ambaye hupenda kuuliza maswali mengi kuliko kutoa majibu. Alikuja Jumapili moja mchana, mimi nikiwepo, na nilidhani atatoa bisibisi mara moja. Wapi! Akakaa kwenye kiti, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows ikaleta kile kidirisha kiitwacho Task Manager. Akaenda kwenye sehemu ya utendaji, akabofya kumbukumbu.

“Shem,” akamwambia Bibie, “fungua vitu vyako vyote kama siku ya kazi. Usinionee haya.”

Bibie akafungua Lightroom, Photoshop, muziki, na kivinjari chenye kurasa kama ishirini, maana ndivyo alivyo. Fundi akatuonyesha namba mbili. Ya kwanza ni RAM inayotumika, ikawa inagonga ukutani kwenye 7 na ushei. Lakini akasema hiyo inadanganya, kwa sababu haiwezi kupita iliyopo. Ya pili, ile iliyoandikwa “Committed”, ndiyo inayosema kiasi ambacho programu zote zimeomba. Ilikuwa imepita 17. Yaani Bibie peke yake, bila mume, bila gemu, alishavuka mara mbili.

Kisha zamu ya Bwana. Fundi akafunga kila kitu, akamwacha acheze nusu saa. Maombi yakafika 11 hivi.

Nilimwangalia Bibie usoni. Kwa wiki nzima alikuwa anasema gemu ndizo zinazoua kompyuta. Hakusema kitu, akaenda kuleta juisi.

Msomaji, kama utaondoka na jambo moja kwenye makala hii, liwe hilo. Usiende dukani na hisia, nenda na hizo namba. Fanya kazi yako ya kawaida siku mbili tatu, tazama maombi yanafika wapi siku ya shughuli nzito, ongeza kidogo juu yake, basi. Ukiona yanaishia 6 kwenye mashine ya 8, RAM siyo tatizo lako hata kidogo, na pesa yako peleka kwingine.

Na kwingine kupo. RAM ikishatosha, kuongeza zaidi hakuongezi chochote. Gemu ikikatakata wakati RAM ina nafasi, hapo mchawi ni kadi ya michoro au prosesa. Kompyuta ikichukua dakika nne kuwaka, mbadilishie diski iwe SSD. Hata kile kifaa cha Lightroom cha kusafisha chengachenga za picha za usiku kwa akili bandia, kilichokuja 2023, kinategemea zaidi kadi ya michoro. Wauza duka wengi watakuuzia RAM kwa ugonjwa wowote, kwa sababu ni rahisi kuifunga na ina faida.

SIYO KILA RAM NI RAM

Kidirisha kile kile kilitupa majibu mengine matatu: kasi ni 2666, sloti iliyotumika ni moja kati ya nne, na umbo ni la kompyuta ya mezani. Kwa kizazi, fundi akafungua programu ndogo ya bure iitwayo CPU-Z, ikasema DDR4.

Kizazi ndicho kitu cha kwanza. DDR3 ilianza kuuzwa 2007, DDR4 ikaja 2014, na DDR5 ikaingia kwenye kompyuta za watu wa kawaida mwishoni mwa 2021. Haziingiliani. Kila moja ina mkato wake chini, mahali pake, ili usiweze kuichomeka kwenye madabodi ya nyingine. Ukiona haiingii, usilazimishe, wewe siye wa kwanza kuvunja sloti.

Umbo nalo. Za laptopu ni fupi, nusu ya zile za mezani. Na kama wewe ni mtu wa laptopu, angalia kwanza kama RAM yako inatoka. Nyingi nyembamba za siku hizi zimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, huwezi kuongeza kitu. MacBook zote zenye chipu za Apple za M, tangu 2020, ziko hivyo. Utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho.

Halafu kuna mtego wa RAM za seva. Utaziona zinauzwa bei ya kutupa, GB 16 kwa bei ya 8, zimeandikwa ECC Registered. Zinafanana kabisa na za mezani, kizazi kile kile. Ukizichomeka kwenye kompyuta ya kawaida haiwaki. Bwana alikuwa ameshaziona na ameshaanza kusherehekea, fundi akamzima kwa neno moja.

Kwenye kasi, Bwana alikuwa na ndoto zake. Alitaka RAM za 3200 zenye taa, zile zinazowakawaka kama kwenye ukumbi wa sherehe. Fundi akamweleza kwamba prosesa yake na madabodi ile ya ofisi mwisho wake ni 2666. Ukiweka ya 3200 itafanya kazi, ila itashuka yenyewe mpaka 2666. Na boksi lenyewe ni la bati tupu, halina kioo. “Sasa kaka, taa utamulikia nani humo ndani?”

Lakini kitu kilichonishangaza mimi ni hili la njia mbili. Prosesa ina barabara mbili za kwenda kwenye RAM. Ukiwa na kipande kimoja, barabara moja inakaa bure. Ukiwa na viwili vinavyolingana, kila kimoja kwenye barabara yake, mzigo unapita mara mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, bei ikikaribiana. Kwa mwenye kompyuta isiyo na kadi ya michoro ya pembeni, tofauti yake kwenye gemu ni kubwa, kwa sababu michoro yenyewe inaazima RAM hiyo hiyo. Na si kuchomeka popote. Kwenye madabodi nyingi za kujiundia mtu hupendekezwa kuanza na sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Mashine za ofisi zina utaratibu wake, mara nyingi rangi au namba zimeandikwa pembeni. Soma kitabu chake kwanza.

Kwa ninyi mnaounda mashine mpya ya DDR5, neno la haraka. Mtaona namba kubwa ya kasi na namba ndogo iliyoandikwa CL. Zidisha CL mara 2000, gawa kwa kasi. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inatoa nanosekunde 10. DDR5 ya 6000 yenye CL30 inatoa 10 vilevile. Yaani kusubiri ni kulekule, ila DDR5 inabeba mzigo mkubwa zaidi kwa safari moja. Na ukishaifunga, ingia kwenye BIOS uwashe XMP kama ni Intel, au EXPO kama ni AMD. Usipowasha, umenunua 6000 lakini unaendesha kwa mwendo wa chini wa kuanzia. Kuna watu wana mwaka wa pili hawajui.

PESA YA MCHEZO

Sasa tuje kwenye kidonda. Katikati ya 2025 Bibie alishaulizia dukani bei ya vipande viwili vya GB 16, akaandika kwenye daftari lake, akapanga kwamba zamu yake ya mchezo ikifika Januari atavinunua. (Mchezo wa kutoa pesa na wenzie wa ofisini, siyo mchezo wa mumewe. Wenyewe walishacheka sana na neno hilo, kabla ya ule usiku.)

Januari 2026 akaenda na pesa mkononi. Bei ya kwenye daftari haikuwepo tena. Alidhani anaibiwa, akazunguka maduka sita, akakuta wimbo ni ule ule.

Hakuwa anaibiwa. Viwanda vikubwa vya RAM duniani ni vitatu: Samsung na SK Hynix vya Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kuanzia mwishoni mwa 2025, kampuni zinazojenga vituo vya akili bandia zilikuwa zinanunua kumbukumbu kwa kiasi cha kutisha, na viwanda vikaelekeza uzalishaji huko kwenye faida nono. Sisi wa kipande kimoja kimoja tukabaki kugombania makombo. Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaacha kabisa kuuza RAM zake za Crucial kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo dada yangu ukiona bei imeruka, sio lazima muuzaji awe na roho mbaya. Ingawa wapo.

Pesa ya mchezo ilitosha kipande kimoja cha 16 na chenji kidogo. Fundi akasema inawezekana, 8 ya zamani na 16 mpya inakuwa 24, sehemu yake inatembea kwa njia mbili na iliyobaki kwa moja. Siyo mbaya. Lakini akatoa wazo lingine lililoniingia akilini zaidi. Mashine ina sloti nne. Kompyuta za ofisi zilizotumika zimejaa mjini, na RAM zake za 8 za DDR4 ni rahisi kupatikana zikiwa zimetumika. Wanunue vipande vitatu vya aina moja na kile walichonacho. Nne mara nane, thelathini na mbili.

Ubaya wa kujaza sloti zote ni kwamba kesho ukitaka zaidi lazima utoe. Kwenye mashine mpya za DDR5 za kasi kubwa, vipande vinne pia huwa vinasumbua kuelewana. Lakini kwenye DDR4 ya ofisi inayokwenda 2666, hakuna shida.

Hapo Bwana akasema atachangia. Bibie akakataa. Nilidhani ni jeuri, kumbe lilikuwa na mzizi. Alihofia kwamba Bwana akitoa nusu, usiku wa kazi ataambiwa “na mimi nimenunua”. Na Bwana, hili alilisema polepole huku anaangalia chini, alihofia kwamba asipotoa kitu atakuwa anaomba ruhusa ya kucheza kwenye nyumba yake mwenyewe. Miaka miwili ya ndoa hawakuwa wamewahi kuambizana hivyo. Fundi akasingizia simu, akatoka barazani. Mimi nilibaki, kazi yangu hii, lakini nilinyamaza.

Wakakubaliana Bibie anunue viwili, Bwana kimoja. Chenji ya mchezo ikaingia kwenye diski ya nje ya kuhifadhia picha, ambayo kwa maoni yangu ilipaswa kununuliwa hata kabla ya RAM.

KARIAKOO NA FLASHI MFUKONI

Kununua RAM iliyotumika bila kuijaribu ni kama kuoa kwa picha. Fundi alienda na flashi yenye MemTest86, programu ya bure inayowaka yenyewe bila Windows na kuikagua RAM chembe kwa chembe. Makubaliano na muuzaji yakawekwa kabla ya kutoa hela: zikikutwa na hitilafu ndani ya siku tatu zinabadilishwa, na risiti iandikwe hivyo.

Nyumbani wakachomoa waya wa umeme ukutani, wakabonyeza kitufe ili umeme uliobaki uishe, fundi akashika bati la boksi kwanza kuondoa umeme wa mwilini. Kile kipande cha zamani akakitoa, akasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, vumbi la miaka likatoka. Bwana akaruhusiwa kuchomeka vipya. Kinaingia wima, unasukuma pande zote mbili mpaka usikie “ta”. Vingi havisukumwi vya kutosha kwa uoga, na hapo kompyuta inalia milio au inakaa kimya kioo cheusi, mtu anadhani ameiua.

Ikawaka na ikasoma 32. Bwana akapiga makofi. Fundi akasema, “Bado,” akaweka flashi, akaondoka.

Asubuhi walikuta mistari myekundu. Kipande kimoja kati ya vitatu kilikuwa kibovu. Windows ilikuwa inakiona vizuri tu, na bila kile kipimo wangekaa nacho, wakapata picha zilizoharibika na gemu zinazojifunga, na ugomvi ukarudi palepale. Walikipata kwa kujaribu kimoja kimoja, siku nzima ya Jumapili. Jumatatu muuzaji akakitazama, akaitazama risiti, akakibadilisha bila neno.

KIMEBADILIKA NINI

Nilirudi kwao baada ya mwezi. Lightroom na Photoshop zinakaa wazi pamoja bila kelele. Bibie anaweza kunyanyuka na Bwana akafungua gemu, na kazi ikabaki ilivyo. Kwenye gemu yenyewe Bwana anasema kile kigugumizi cha ghafla kimeondoka, ila uzuri wa picha ni ule ule, na ilitarajiwa, kadi haijabadilika. Kwenye Photoshop Bibie ameacha ule mpangilio wa kawaida wa kuiruhusu itumie asilimia 70 ya RAM.

Lakini msidhani wanafanya vyote kwa raha kwa wakati mmoja. Bibie anapotoa picha mia tisa kwa mkupuo, prosesa yote inashikwa, na gemu inakatakata hata kama RAM imebaki nusu. Hilo RAM haliwezi. Kwa hiyo wameweka karatasi ukutani pembeni ya monita, imeandikwa kwa mkono siku za makabidhiano. Siku hizo picha zinatolewa kuanzia saa nne usiku, na hakuna anayegusa kiti.

Na ile albamu ya Novemba? Ilifika Jumanne, siku moja nyuma. Bibie alifungua macho ya mashangazi upya usiku kucha, Bwana akiwa amekaa pembeni anamsomea majina yao kutoka kwenye karatasi ya kamati, nani ni nani. Bibi harusi alilipa pungufu kwa ajili ya kuchelewa. Shangazi mmoja, nimeambiwa, bado amefumba.